JIBINI YA MILIMANI
Habari za kijiji cha L'Etivaz huko Uswisi, na za maziwa ya milima ya Usambara

Mtu akaaye Ngombezi, karibu na Korogwe, aona kila siku nchi mbili kwa jicho moja. Miguuni pake ni nchi tambarare yenye joto: mto Ruvu, ambao ramani huuita Pangani, reli ya Tanga, na mistari ya mkonge iliyonyoka kana kwamba imepigwa kamba. Akiinua uso upande wa kaskazini aona ukuta wa milima ya Usambara, na mara nyingi asubuhi vichwa vyake vimefunikwa na ukungu. Huku chini ni kama mita 300 tu juu ya bahari. Kule Lushoto ni mita 1,400 hivi, na vilele vilivyo virefu vyapita mita 2,200.

Tofauti hiyo ya kimo ndiyo tofauti ya maisha. Chini ng'ombe wa maziwa hutaabishwa na jua na kupe, na katika nyika za Handeni mbung'o amewazuia watu wengi kufuga tangu zamani. Juu kuna baridi, umande, na majani mabichi hata katika miezi ambayo nyika imegeuka rangi ya udongo. Basi tangu kale maziwa ni mali ya mlimani, na walaji walio wengi wako bondeni, kando ya njia kuu, katika mashamba makubwa na katika miji. Katika mazungumzo haya twataka kuuliza swali moja: maziwa ya mlimani yaweza kumfikia mtu wa chini kwa njia gani kabla hayajaharibika? Na yakiisha kumfikia, faida yarudi kwa nani?

Swali hili si letu peke yetu. Watu wa milima ya Ulaya walilijibu muda mrefu uliopita, na jibu lao likaitwa jibini.

KAZI YA JIBINI

Kila mfugaji ajua kwamba maziwa hayangoji. Yaliyokamuliwa alfajiri, jioni yamekwisha kubadilika. Watu wa Afrika ya Mashariki walipata dawa ya jambo hili zamani sana. Waliyatia katika vibuyu vilivyofukizwa moshi yakaganda, wakanywa maziwa ya mgando. Au waliyasukasuka wakatoa siagi, na siagi wakaiyeyusha motoni ikawa samli. Samli hukaa miezi, tena husafiri. Lakini samli ni mafuta tu. Nguvu nyingine iliyomo ndani ya maziwa haimo.

Jibini ni njia ya kuhifadhi sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Maziwa, kwa sehemu iliyo kubwa, ni maji. Mtu akiweza kuyatoa maji yale, na akatia chumvi katika yaliyobaki, atakuwa amefanya kazi ileile afanyayo mvuvi anapokausha papa, au mwanamke anapoanika makopa ya muhogo juani. Lita kumi za maziwa hutoa kiasi cha kilo moja ya jibini ngumu. Mzigo umepungua mara kumi, na chakula kilichokuwa cha siku moja kimekuwa cha mwaka.

Namna ya kuifanya ni hii. Maziwa hutiwa motoni yakapata uvuguvugu, kisha hutiwa dawa ya kugandisha, ambayo tangu zamani hutolewa katika tumbo la ndama anayenyonya. Baada ya nusu saa hivi maziwa yote huwa kitu kimoja laini kinachotikisika. Fundi hukikata kwa nyuzi za chuma mpaka kiwe chembechembe, hukipasha moto tena huku akikoroga bila kupumzika, kisha huzikusanya chembe zile kwa kitambaa, huziacha zichuruzike maji, na huzigandamiza katika kiviringo cha mti. Siku ya pili ana gurudumu gumu. Baada ya hapo ni chumvi, kusugua na kugeuza, wiki baada ya wiki, katika ghala yenye baridi. Wakati wenyewe humaliza kazi.

KWA NINI WATU WA ALPS WALIFANYA JIBINI

Milima ya Alps inapita katika nchi za Ufaransa, Uswisi, Italia, Austria na nyinginezo. Huko kuna jambo moja ambalo kwetu halipo: miezi mingi ya mwaka milima hufunikwa na theluji, wala hakuna jani la kuliwa. Ng'ombe hufungwa mazizini na kulishwa majani makavu yaliyokatwa wakati wa jua. Theluji ikiisha kuyeyuka, watu hupandisha mifugo yao juu hatua kwa hatua, wakifuata majani jinsi yanavyochipua, hata wafike malisho ya juu kabisa. Na joto likianza kupungua, huteremka tena hatua kwa hatua.

Basi tazama shida yao. Maziwa yalikuwa mengi mno katika miezi michache, tena mahali pa juu kabisa, mbali na kila mtu. Njia zilikuwa za miguu na za nyumbu. Maziwa mabichi yasingaliweza kuteremshwa, na wakati wa baridi watu wale wale wangaliona njaa. Jibini ngumu ilimaliza shida zote mbili: ilibeba maziwa ya siku za jua mpaka siku za theluji, na ilibeba utajiri wa mlima mpaka sokoni. Katika karne ya 17 na ya 18 magurudumu ya jibini iitwayo Gruyère, kwa jina la nchi yake, yalitoka milima ya Uswisi na kuuzwa hata katika mji wa Lyon, Ufaransa. Mchunga ng'ombe ambaye hajapata kuuona mji ule alikuwa na mali yake huko.

Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba jibini ilianza kwa anasa za matajiri. Ilianza kama ghala ya chakula ya watu maskini wa milimani.

KIJIJI CHA L'ETIVAZ

Katika mkoa wa Vaud, nchini Uswisi, kuna kijiji kidogo kiitwacho L'Etivaz. Kiko katika bonde la milima, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na malisho yake hupanda hata mita 2,000. Watu wa huko tangu zamani walifanya jibini ya namna ya Gruyère, kila jamaa katika kibanda chake cha malishoni, juu ya moto wa kuni, katika sufuria kubwa ya shaba nyekundu.

Mwaka 1914 ilianzishwa nchini Uswisi halmashauri kubwa ya kununua na kuuza jibini. Halmashauri hiyo ilipanga bei na taratibu kwa nchi nzima. Mambo hayo yalikuwa na faida yake, kwa sababu mfugaji alijua kwamba mali yake itanunuliwa. Lakini palikuwa na hasara pia. Jibini ya mlimani, iliyofanywa kwa taabu nyingi na kwa maziwa ya majani ya juu, ilihesabiwa sawasawa na jibini ya viwanda vya mabondeni. Mtu aliyeamka kabla ya alfajiri kuwasha kuni alipata bei ya yule mwenye mtambo. Mambo yakiwa hivyo, vijana huuliza, "Kuna haja gani ya kupanda mlima?" na swali hilo likisha kuulizwa mara nyingi, malisho huachwa na vibanda huanguka.

Jamaa za L'Etivaz, zaidi ya 70, zilikata shauri la kujitenga. Mwaka 1932 zikaunda chama cha ushirika, na mwaka 1934 zikajenga ghala zao wenyewe za kuwivishia jibini. Hapo ndipo penye akili ya jambo hili, nami nataka wanafunzi wapaangalie vizuri. Hawakuvunja vibanda vyao wala hawakujenga kiwanda kimoja. Kila jamaa iliendelea kukamua ng'ombe wake na kupika jibini yake malishoni. Lakini kazi isiyowezekana kwa mtu mmoja, yaani kuweka magurudumu mamia kwa miezi katika baridi iliyo sawa, kuyasugua, kuyachagua na kuyauza, hiyo ilifanywa na wote pamoja.

Kisha wakajifunga kwa masharti magumu. Jibini iitwayo L'Etivaz hufanywa toka tarehe 10 Mei mpaka tarehe 10 Oktoba tu, wakati ng'ombe wako malishoni. Maziwa hayachemshwi kwanza. Moto ni wa kuni. Katika siku chache gurudumu huteremshwa ghalani, na halitoki kabla ya siku 135. Atakayevunja sharti hana ruhusa kulitumia jina. Mwaka 1999 serikali ya Uswisi ikaliandika jina hilo katika sheria, likiwa jina la kwanza la mahali kulindwa hivyo kwa chakula kisicho divai. Tena mwezi wa Desemba 2023 shirika la UNESCO likaziandika desturi za Uswisi za kupandisha ng'ombe malishoni katika orodha ya mila za dunia zinazostahili kutunzwa.

Basi kijiji hakikutajirika kwa kuwa na ng'ombe wengi kuliko wengine. Kilipata nguvu kwa kushika mambo matatu: kazi ya kila mtu nyumbani kwake, ghala ya wote, na jina ambalo wenyewe walilitia masharti.

WAFUGAJI WA USAMBARA

Sasa turudi kwetu. Je, milima ya Usambara haikuwa na wachungaji wake? Ilikuwa nao. Zamani za Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkuu wa Wasambaa aliyetawala kutoka Vugha na kufa mwaka 1862, walikuwako katika milima ile watu wa namna nyingi. Wasambaa wenyewe ni wakulima hodari wa migomba, na vijiji vyao vingi waliviweka karibu na ukingo wa milima, ili wapate kulima juu na kulima chini nyikani, mvua ikikosa huku wapate kule. Walifuga ng'ombe pia, lakini riziki yao kuu ilikuwa shamba.

Juu zaidi, katika nchi za baridi zenye misitu na nyasi, walikaa Wambugu. Hao ni wafugaji hasa. Wenyewe husimulia kwamba wazee wao walitoka upande wa kaskazini, na lugha yao ya asili imewashangaza wataalamu wengi, kwa maana maneno yake mengi hayana udugu na lugha za Kibantu, ingawa yamefungwa kwa sarufi ya Kibantu. Walipenda mahali pa juu kwa sababu ya ng'ombe wao. Walikuwa watu wa mlima na wa maziwa, kama vile wale wa Alps, ijapokuwa hawakupata kusikiana habari.

Mtu aweza kuuliza, "Mbona basi Wambugu hawakufanya jibini?" Jibu si kwamba walikosa akili. Usambara hakuna theluji. Kuna mvua za masika na za vuli, na majani ya juu hayakauki kabisa. Maziwa hayaji kwa wingi miezi mitano na kukatika miezi saba. Huja kidogo kidogo mwaka mzima. Mtu ambaye kesho atakamua tena hana sababu ya kuyaweka ya leo kwa mwaka mmoja. Mgando na siagi vilitosha. Kila watu hubuni dawa ya ugonjwa walio nao, wala si ya ugonjwa wa jirani.

Kisha zikaja taabu. Katika miaka ya 1890 na 1891 sotoka ilipita katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na kuua ng'ombe wasiohesabika. Na wakati huo huo Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wanaingia.

SHAMBA LA KWAI

Wadachi walipofika juu ya Usambara walifurahi sana. Baridi ile iliwakumbusha kwao. Mji tuuitao Lushoto waliupa jina la Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Mwaka 1896 serikali yao ilianzisha shamba la majaribio mahali paitwapo Kwai, kusudi kuona kama ukulima na ufugaji wa Ulaya waweza kustawi pale. Walijaribu nafaka, viazi na mboga. Walijaribu kuzalisha ng'ombe wa maziwa. Na siagi na vyakula vingine vya mlimani vikawa vikiteremshwa kwa ajili ya Wazungu waliokuwa pwani.

Shida yao ilikuwa ile ile ya watu wa Alps: njia. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilikwenda polepole. Ilifika Korogwe mwaka 1902, ikapita hapa Ngombezi kwenda Mombo, na ilikuwa imefika Moshi mwaka 1912. Kabla ya reli, na hata baada yake kwa zile sehemu za juu, mizigo ilibebwa vichwani mwa wapagazi. Hata mbao za msitu wa Shume ziliteremshwa kwa kamba za chuma zilizotundikwa hewani mpaka Mkumbara, karibu na reli.

Lakini jambo la kukumbukwa kuliko yote ni la ardhi. Mgeni akiona nyasi zisizo na jembe husema, "Nchi hii haina mtu." Hajui kwamba malisho ni shamba la mfugaji, na kupumzisha malisho ni ukulima wake. Sehemu kubwa ya nchi za juu ambamo Wambugu walizoea kulisha iliingia katika mashamba ya Wazungu na katika misitu ya serikali. Waingereza walipoichukua nchi mwaka 1916, misitu ile ikabaki misitu ya serikali. Basi maziwa ya Kwai yalipopita reli kwenda pwani, hayakuwa na jina la mwenye malisho.

Twaweza kufananisha na mkonge wetu wenyewe. Mwaka 1893 Mdachi mmoja jina lake Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo michache yalitokea mashamba makubwa kandokando ya reli, na Ngombezi ni moja ya mahali hapo. Mmea mgeni ulistawi sana, na maelfu ya watu walitoka mbali kuukata. Lakini kwa miaka mingi bei yake ilipangwa mbali na mikono iliyoukata. Kitu kigeni chaweza kuota vizuri katika udongo wetu. Swali ni nani atakayevuna.

MAZIWA YA MILIMANI BAADA YA HAPO

Watu wa Usambara waliongezeka na ardhi haikuongezeka. Milima mikali ikilimwa bila kinga, mvua huteremsha udongo mpaka bondeni, na mto Ruvu hupita Ngombezi ukiwa mwekundu. Mwaka 1946 Waingereza walianza mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, kwa matuta na kwa amri juu ya kulisha ng'ombe. Watu waliuchukia, kwa sababu uliongeza kazi wala hawakuona chakula kuongezeka, tena uliletwa kwa kulazimisha. Kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango wenyewe ukaachwa.

Miaka ya 1980 njia nyingine ilijaribiwa kwa msaada wa Wajerumani: kupanda majani ya ng'ombe katika mistari inayozuia udongo, na kumweka ng'ombe bandani akaletewa chakula. Hapo ng'ombe mmoja wa maziwa akawa na faida mbili, maziwa na samadi, na yale majani yakawa ukuta wa shamba. Pengine mtu atasema kwamba ng'ombe aliyefungwa si kama ng'ombe wa malishoni. Ni kweli. Lakini mwenye robo eka hana malisho ya kupandisha ng'ombe.

Na jibini nayo ikafika. Karibu na Lushoto, katika shamba la Irente lililo chini ya Kanisa la Kilutheri, hufanywa jibini pamoja na mikate na jemu. Masista wa Kikatoliki wa huko Usambara nao hufanya jibini. Wageni wapandao milima kutazama nchi huinunua kwa furaha, na mingine huteremka kwenda mijini. Kazi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya Uswisi, lakini imeonyesha neno moja: mikono ya Usambara yaweza kufanya kazi ile, na maziwa ya Usambara yanafaa.

Huku chini nako wafugaji wa Mkoa wa Tanga hawakulala. Mpango wa maziwa ulianza mwaka 1985 kwa msaada wa Uholanzi, na wafugaji wadogo wakafundishwa kutunza ng'ombe wa maziwa. Mwaka 1993 vyama vyao vidogo vidogo viliungana kuwa chama kikuu kimoja cha ushirika, na katika miaka hiyo hiyo ya 1990 kikapatikana kiwanda cha maziwa cha Tanga, ambacho wafugaji wana hisa ndani yake. Mtu mwenye ng'ombe wawili hupeleka ndoo yake mahali pa kukusanyia, maziwa hupimwa, hupozwa na kupakiwa garini. Kwa habari ya kukusanya nguvu, hiyo ni njia moja na ile ya L'Etivaz. Tofauti ni kwamba maziwa yaliyochanganywa ya mkoa mzima hayawezi kusema yametoka mlima gani.

JIBINI YA MASISI

Tena mtu asiseme kwamba jibini ya milimani haiwezi kuwa mali ya watu weusi. Mashariki ya Kongo, katika milima ya Masisi iliyo magharibi ya mji wa Goma, nchi ni ya majani mabichi, na miinuko yake hupata mita 2,000 na zaidi. Ufundi wa jibini ulifika huko kwa Wazungu, mapadre na wenye mashamba. Lakini wenyeji waliushika wakaufanya wao. Katika vibanda vya mbao visivyo na umeme, watu wasemao Kiswahili katika biashara zao hugandisha maziwa, huyagandamiza, na kupanga magurudumu madogo madogo juu ya rafu. Walaji huiita jibini ya Goma, nayo husafirishwa mpaka Kinshasa.

Yafaa kukumbuka pia kwamba Masisi imepigwa na vita tangu mwaka 1993. Ng'ombe waliporwa kwa maelfu, watu walikimbia, na njia mara nyingi hufungwa. Mahali pengine maziwa mabichi yangalimwagwa. Jibini imewasaidia wengi kwa sababu yaweza kungoja njia ifunguliwe. Hapa twaona tena kazi yake ya asili: theluji ya Alps na bunduki za Masisi ni vitu mbalimbali, lakini vyote viwili hufunga njia, na jibini husubiri.

MAMBO YA KUANGALIA

Sasa tukusanye habari hizi, tuone zatufundisha nini sisi tulio chini ya mlima na wenzetu walio juu.

Neno la kwanza ni hili: kitu kinachooza upesi humfanya mwenye nacho kuwa mtumwa wa mnunuzi. Anayeuza maziwa mabichi hana nguvu ya kukataa bei, kwa maana jua likipanda mali imekwisha. Na habari hii si ya maziwa tu. Ndivyo ilivyo kwa nyanya, kabichi na matunda ya Lushoto ambayo hupita Mombo na Korogwe kwa malori. Anayejua kuhifadhi ana siku za kungoja, na siku za kungoja ndizo nguvu ya sokoni.

Neno la pili ni kwamba jina la mahali ni mali. Watu wa L'Etivaz waliona jina lao linatoweka ndani ya jina kubwa, wakalitoa na kulitia masharti. Lakini jina lisilo na masharti ni kelele tu. Kama siku moja maziwa, asali au kahawa ya Usambara itauzwa kwa jina lake, lazima wenye jina wakubali kwanza kumkataza ndugu yao anayetia maji katika ndoo. Jambo hilo ni gumu kuliko kujenga ghala.

Neno la tatu ni umoja unaoacha kila mtu na kazi yake. Wazee walisema, "Kidole kimoja hakivunji chawa." Lakini mkono hauna kidole kimoja kikubwa, una vidole vitano, na kila kimoja kina mahali pake. Ushirika mwingi umekufa kwa sababu kila kitu kilitiwa ofisini, mpaka mkulima akasahau kwamba ni chake. Wale wa milimani waliweka pamoja tu yale wasiyoweza peke yao.

Na neno la nne lahusu malisho. Jibini huanza katika jani. L'Etivaz isingekuwapo kama malisho yake yangalichukuliwa mwaka ule ambao jamaa zile zilitaka kuungana. Wambugu hawakupata nafasi ya kujaribu. Kwa hiyo anayetaka kuandika habari za chakula cha nchi yoyote na aulize kwanza: ardhi ilikuwa ya nani, na nani aliambiwa kwamba haina mtu?

Wanafunzi wa Ngombezi na Korogwe waweza kuanza kazi hii wenyewe bila gharama. Waulizeni wazee waliopata kuishi juu: ng'ombe walilishwa wapi, njia za kupandishia zilipita wapi, maziwa yaligandishwaje, siagi iliuzwa kwa nani. Andikeni majina ya mahali hapo, hata kama leo ni msitu au shamba la mtu mwingine. Vijiji vya Alps vina vitabu vya malisho yao, na vitabu hivyo vimewasaidia walipodai haki. Sisi habari zetu nyingi zimo bado vinywani mwa wazee, nao wazee, kama maziwa, hawangoji.